Safari Fupi za Mkurugenzi

Jumatatu, tarehe 6

Mwanangu Mpimaji,

Kama tangu Ijumaa umepanda kile kilima chenu kutafuta mtandao ukanipigia bila kunipata, nisamehe. Simu haipo tena. Mkurugenzi ameiogesha. Aliniona nikiifuta vumbi kwa kitambaa, nadhani akaona kazi inafanywa nusunusu, na nilipokwenda kuvaa viatu akaipeleka kwenye ndoo. Nilimkuta anaisugua mgongo kwa sabuni huku anaiambia ifumbe macho. Fundi ameitazama akanipa pole ya msiba.

Basi tumerudi kwenye karatasi, na sijachukia. Mtu aliyekaa miaka thelathini na minne kwenye meza ya usajili wa vizazi na vifo hawezi kuichukia kalamu. Dereva wa lori la mafuta amekubali kuwa tarishi wetu kila Jumatatu na Alhamisi anapokuja kambini kwenu.

Mtoto hajambo. Anakula, analala, anatawala. Mshonaji wa mlango wa pili anakuja kumwogesha asubuhi na jioni kama mlivyopatana, naye ameshapewa amri zake. Joto ni kali mno, kwa hiyo Jumamosi nilimpeleka bwawani, lile la manispaa. Tulitoka saa tatu kamili tukafika saa nne na robo, maana Mkurugenzi hapiti jiwe bila kulisalimia. Kila penye ukuta mfupi alisimama akaninyooshea kidole: "Babu, kaa." Nikakaa. Nani angekataa?

Pale kwenye kina cha watoto hakuingia. Alisimama ukingoni, mikono kiunoni, akawatazama wenzake wanavyorusha maji, kisha akawaambia, "Toka. Maji yalale." Utashangaa, wanne walitoka. Mlinzi wa bwawa akaniuliza huyu bosi ni wa nani. Nikamwambia ni wa kwetu, wa binti yangu, ana miaka miwili na nusu na huu ni mwezi wake wa tano nyumbani. Sikumwambia kwamba tunasubiri hakimu atutilie muhuri tarehe 5 ya mwezi ujao. Si kila mtu wa kumweleza.

Mimi ni mzima kama chuma.

Baba yako

---

Alhamisi, tarehe 9

Baba, shikamoo.

Nimecheka mpaka mhandisi akauliza kuna nini. Simu isikusumbue, nitakununulia nyingine nikirudi, ila itafungiwa kabatini.

Huku tumefika kilomita ya ishirini na moja. Vumbi tunalila mchana na kulitema usiku. Nikilala naona macho yake. Nilidhani wiki sita ni kitu kidogo. Nilisahau kwamba mimi ni mama mpya, na mama mpya hana ngozi.

Baba, nisikilize. Afisa ustawi alisema atapita nyumbani mara moja bila taarifa kabla ya siku ya hakimu. Yeye ndiye anayeandika kama kesi yetu ya kuasili inafaa au haifai. Nimekuandikisha wewe kuwa mlezi wakati niko kambini, na cheti chako cha afya ndicho kilichotuokoa. Aliniambia mwenyewe ni nadra kuona mzee wa miaka sabini na minne mwenye vipimo vile. Kwa hiyo endelea hivyo hivyo. Kula vizuri, mtoke asubuhi kabla ya jua kukasirika, na usimbebe begani hata akilia. Kigari kipo.

Swali dogo: bwawani ni karibu. Mawe yote hayo ya kusalimia yametoka wapi?

Binti yako

---

Jumatatu, tarehe 13

Mwanangu,

Marahaba. Afisa alikuja Ijumaa. Tulikuwa ndiyo kwanza tunarudi kwa kinyozi.

Nianze na kinyozi. Nilikuwa na nywele za kupunguza, na mtu mzima anayelea anatakiwa aonekane anajilea. Tulitembea dakika hamsini tu, tukipumzika kwenye madawati matatu kwa amri yake. Mkurugenzi alikataa kukaa kwenye kigari, akaona afadhali mimi nikisukume kikiwa kitupu. Kwa kinyozi alidai na yeye afungwe kitambaa shingoni. Kisha akaanza kumwelekeza: hapa, hapa, bado hapa. Kinyozi, mtu mwenye miaka ishirini ya ufundi, alitii. Ukiniona upande wa kushoto utaelewa.

Tulimkuta afisa mlangoni. Mkurugenzi alimpokea mkoba, akauweka sakafuni, akatoa vitu vyake kimoja kimoja: kalamu, miwani, leso, muhuri. Alipoukuta muhuri aliugonga gotini mwake. Afisa hakukasirika. Aliandika kitu kwenye daftari. Nilimmiminia chai mwenyewe, akanishukuru, akaniangalia mikono kwa muda mrefu. Nadhani alitaka kuona kama inatetemeka. Haikutetemeka.

Kisha Baba Mdogo wako akaingia bila hodi, kama kawaida yake. Alipomwona afisa alibadilika rangi, akasema amekuja kuangalia ufa wa ukuta, akaingiza mkono wa kushoto mfukoni na kuondoka kwa mlango wa nyuma. Mdogo wangu huyu ni mwashi; nyufa anaziona hata pasipo na ukuta. Usijali.

Afisa aliaga vizuri. Mimi ni mzima.

Baba yako

---

Alhamisi, tarehe 16

Baba, shikamoo.

Nimefurahi kuhusu muhuri, lakini hii ya Baba Mdogo imenikaa vibaya. Mtu huyu alikaa juu ya jukwaa la ghorofa ya nne upepo ukivuma, akala maembe. Sasa anamkimbia mwanamke mwenye daftari? Mmemficha nini?

Na dakika hamsini kwenda kwa kinyozi? Kwa kinyozi wetu? Au mmehamia kwa mwingine?

Niandikie pia wiki hii mmekwenda wapi, kwa kirefu. Nayasoma haya wakati wa chakula, wenzangu wananiuliza habari za Mkurugenzi kabla sijafungua bahasha.

Binti yako

---

Jumatatu, tarehe 20

Mwanangu,

Marahaba. Tumemficha nini sisi wazee wawili? Ukubwa wa nyufa.

Wiki hii jua limezidi, nikaona busara tubaki jirani. Tulikwenda bombani. Ndiyo, bomba letu, hapo uani. Mkurugenzi alibeba beseni, mimi nikabeba kiti. Aliosha mawe kumi na moja, akayapanga kwa ukubwa, akayalaza juu ya taulo langu zuri, akanikataza kuongea kwa sauti. Kisha akaosha miguu yangu. Aliibonyeza kwa kidole na kutazama kishimo kinavyobaki. Alibonyeza tena. Mchezo huu ulimchukua asubuhi nzima.

Jumapili tulikwenda dirishani. Ni pazuri. Lori la takataka lilipita.

Mimi sijambo.

Baba yako

---

Alhamisi, tarehe 23

Baba, shikamoo.

Wewe ulinisomesha upimaji. Usilie ukipimwa.

Jana nilichukua barua zako zote nikakaa na karatasi. Kutoka mlangoni petu hadi bwawani ni mita mia tisa. Niliipima njia ile mwenyewe nikiwa mwanafunzi. Mmetumia dakika sabini na tano. Hiyo ni mita kumi na mbili kwa dakika. Kwa kinyozi ni mita mia nne kwa dakika hamsini: mita nane. Nikasema labda ni mawe. Nikamchukua mtoto wa mpishi wetu, naye ana miaka miwili na nusu, nikamtembeza barabarani na futi ya chuma mkononi. Anasalimia mawe, anasalimia nzi, alikaa chini mara mbili kulia. Mita thelathini kwa dakika, Baba.

Kwa hiyo anayechelewesha msafara si Mkurugenzi.

Halafu nimechora safari zenu kwenye ramani. Wiki ya kwanza mita mia tisa. Ya pili mia nne. Ya tatu bombani, kumi na mbili. Jumapili dirishani. Njia ya mwongo ni fupi, na yako inafupika kila Jumatatu. Miguu inayobaki na kishimo ukiibonyeza siyo mchezo. Bibi alikuwa nayo.

Siulizi tena kama u mzima. Nauliza: una nini? Na kile cheti kilitoka wapi?

Binti yako

---

Jumatatu, tarehe 27

Mwanangu,

Umenipima na umenipata. Sina cha kukata rufaa.

Moyo wangu umechoka. Siyo kuchoka kwa mashairi, ni kuchoka kwa daktari. Umetanuka, hausukumi damu inavyotakiwa, ndiyo maana maji yanashukia miguuni na pumzi inaniishia njiani. Niliambiwa wiki ileile ulipoleta fomu za kuasili nyumbani. Nilimuuliza daktari ni muda gani. Akasema nisipange mambo ya zaidi ya mwaka. Nikamwambia nimesajili vifo vya watu maisha yangu yote, anaweza kusema wazi. Akasema amesema wazi.

Nikarudi nyumbani nikakuta fomu mezani. Ukurasa wa nne: afya ya kila mtu mzima atakayeishi na mtoto, ithibitishwe na daktari. Ulikuwa umesubiri miaka mitatu. Ulikuwa umeshapaka chumba rangi. Nikaona unanyimwa mtoto kwa sababu ya pampu yangu mbovu, nikamwita Baba Mdogo wako, nikampa kitambulisho changu. Tunafanana paji la uso, na picha ile ni ya zamani. Akaenda hospitali akapimwa kwa jina langu.

Alirudi na furaha isiyofaa kabisa. Daktari wa kule alikuwa hajawahi kuona moyo wa aina ile kwa umri ule, akawaita wauguzi wawili waje wausikilize. Mdogo wangu akawachuchumalia mara ishirini. Hakuombwa. Aliniwekea cheti mezani akasema, "Hongera, kaka. Una moyo wa fahali." Nikakitia kwenye bahasha bila kukisoma, maana niliona haya. Mimi, ambaye sikuwahi kumwongezea mtu hata siku moja kwenye daftari la serikali, nilijiongezea moyo mzima.

Hilo ni la kwanza. La pili ni zito zaidi, nami naliandika kwa sababu sitaki kuondoka nalo.

Siku uliponiambia utachukua mtoto, nilikujibu, "Usiniletee damu ya watu." Ukaenda kuosha vyombo. Hukuwahi kunikumbusha. Lakini nilikuwa najua nilichokisema na nilikuwa najua nimekitoa wapi. Kazini niliandika watoto wengi walioletwa bila mtu. Kwenye safu ya baba, "hajulikani." Kwenye safu ya mama, "hajulikani." Nilikuwa na mwandiko mzuri, niliwahi kusifiwa. Nilikausha wino nikaita anayefuata. Ukifanya hivyo miaka mingi unaanza kuamini kwamba mtoto asiyejulikana ni aina ya mtoto. Kisha ukamleta huyu wako, akaingia akanivua miwani, akaivaa, akaniambia nikae. Nilikuwa nimekosea, na badala ya kukwambia nilikosea, nikaenda kughushi cheti. Nilidhani ndiyo radhi. Kutamka kungekuwa rahisi zaidi.

Matembezi nayo ujue yalivyokuwa. Kigari kilikuwa mkongojo wangu. Yeye alitembea, mimi nikaegemea. "Babu, kaa" aliianza siku ya bwawani, baada ya kuniona nimeshika ukuta. Nilikuandikia kama kichekesho. Ni yeye peke yake humu ndani aliyesoma hali yangu bila cheti.

Leo asubuhi nimempelekea afisa barua yenye mambo haya yote isipokuwa fahali. Mshonaji ameipeleka kwa mkono. Sikukuomba ruhusa. Ungenikataza kwa huruma au ungeniruhusu kwa hasira, na vyovyote vile ungekuwa umeingia kwenye kosa langu. Sasa limebaki langu.

Wanaweza kumchukua. Najua. Nimelijua hilo tangu asubuhi na kila dakika naona ni kweli zaidi.

Baba yako

---

Alhamisi, tarehe 30

Baba, shikamoo.

Nimelia kwenye hema. Kisha nikafika kwenye kuchuchumaa nikacheka, kisha nikakasirika upya kwa sababu umenichekesha.

Nakwambia sasa ili usije ukadhani nilikuficha: wakimchukua, sijui nitakusamehe lini. Huenda nikahitaji zaidi ya huo mwaka wako. Ile ya damu ya watu niliikumbuka kila siku, hata siku ulizokuwa unamkatia kucha.

Na nimekasirika kwamba ulikuwa unaumwa mlango wa pili kutoka chumba changu, nami nakupigia kelele kuhusu chumvi. Ningekaa nawe vingine.

Mhandisi amenipa ruhusa. Narudi Jumamosi na lori hili hili. Mshonaji ahamie kwetu mpaka nifike. Mwambie Baba Mdogo asitoroke kwa mlango wa nyuma. Namtaka sebuleni, mikono nje ya mifuko.

Binti yako

---

Jumatatu, tarehe 3

Kwa Mzee, msajili mstaafu,

Kuhusu: Barua yako ya tarehe 27

Nimeipokea. Nakujulisha yafuatayo kwa sababu umesema kweli, na kwa sababu binti yako amekaa ofisini kwangu asubuhi yote na hakukutetea hata kidogo, jambo ambalo limenisaidia kumwamini.

Hukunificha ulichodhani umenificha. Kwenye cheti kile kuna safu ya alama za kudumu. Daktari ameandika kwamba mwenye cheti amekatika ncha ya kidole cha shahada, mkono wa kushoto. Siku uliponimiminia chai nilihesabu vidole vyako. Vilikuwa kumi, vyote vizima. Kisha akaingia bwana mmoja akaficha mkono. Nashangaa, Mzee, mtu wa kazi yako kutosoma safu ya alama.

Kwa nini sikusema siku ile? Nilitaka kuona nani atasema kwanza. Ningefika mahakamani bila kuambiwa, ningeandika haifai.

Cheti hicho nimekitoa kwenye faili na nimekiambatisha mahali pake, yaani kwenye maelezo ya kosa. Sheria haimtaki babu awe na moyo mzuri. Inamtaka mama awe mzima, naye ni mzima. Inataka pia mtoto awe na mlezi mwenye uwezo mama anapokuwa kazini, na wewe huna uwezo huo. Binti yako amemtaja ndugu yako kwamba atahamia kwenu. Nimemhoji. Amelia, kisha akaomba kunionyesha anavyochuchumaa. Nimekataa.

Hakimu ataambiwa yote. Uamuzi si wangu na siwezi kukuahidi chochote.

Afisa Ustawi wa Jamii

---

Jumatano, tarehe 5, ukumbini mwa mahakama

Baba, shikamoo.

Dereva anapita njia ya nyumbani, nakuandikia kikaratasi hiki juu ya goti ili usikae ukingoja.

Tuliitwa wa nne. Hakimu ni mama mmoja mwembamba asiyetabasamu. Alisoma barua yako yote kwa sauti, Baba, taratibu, na mahali pa kitambulisho alivua miwani. Akamwita Baba Mdogo mbele, akamwambia aoneshe mkono wa kushoto. Akauonesha. Karani akainama chini ya meza kama aliyeangusha kalamu. Hakimu akamwambia Baba Mdogo kwamba kuazimana kunaishia kwenye ngazi na nyundo, na kwamba akilitumia jina la mtu mwingine tena, yeye mwenyewe atamtafutia pa kuchuchumaa.

Kisha akanigeukia mimi. Akasema karatasi ya uongo nusura imnyime mtoto mama, na akaniuliza: mtoto huyu atafunzwa nini katika nyumba ya watu wanaodanganya kwa mapenzi?

Nilikuwa nimeandaa maneno mazuri usiku kucha, yakapotea yote. Nikasema, "Nitamfunza aseme mapema kuliko babu yake."

Akarudi kwenye barua yako, akaisoma tena. Mkurugenzi akaona kesi inachelewa, akatoka mikononi mwangu, akaenda kukaa kwenye kiti kilichokuwa wazi kando ya karani, akavuta faili karibu. Hakuna aliyemtoa.

Imepitishwa, Baba. Nimeona kwa macho yangu wanavyoandika. Safu ya mama ina jina langu, kwa wino mweusi, mwandiko mbaya kuliko wako.

Kuhusu kukusamehe, nimeanza. Naenda mita nane kwa dakika.

Binti yako

---

Jumatatu, tarehe 10

Mwanangu,

Marahaba. Umeondoka asubuhi hii na tayari dereva anakurudishia maneno yangu. Hayatakuwa mengi, mkono unachoka.

Baba Mdogo wako amehamia na mashuka yake. Wametoka kwenda bwawani sasa hivi, yeye na Mkurugenzi. Nimewahesabia kwa saa ya ukutani: kwa mita thelathini kwa dakika, watafika ndani ya nusu saa. Mdogo wangu aliporudi mbio kuchukua taulo alilosahau, alikuwa anahema kuliko mimi. Ameniuliza kwa sauti ya chini kama mtoto huyu huwa anapumzika lini. Nimemwambia ana moyo wa fahali, aendelee.

Mimi, mwanangu, kwa miezi mitano nilikuwa mzima kwa ajili ya faili. Nilikohoa ndani ya mto. Nilipanda ngazi nikipiga mluzi ili usisikie pumzi. Nilivaa soksi kwenye joto hili ili usione miguu. Hata usingizini nilijihadhari nisigune. Kazi ile ilinichosha kuliko moyo wenyewe.

Leo Baba Mdogo wako aliniuliza nimeamkaje, nikamjibu kwamba nimeamka vibaya. Sijui kama umewahi kuona mtu akifurahi kwa kusema hivyo. Wameniwekea mito mitatu. Mshonaji amekuja kunikemea, afisa ameniletea karatasi za kusaini akakaa kunywa chai, na miguu yangu iko juu ya kiti, bila soksi, hadharani, kila apitaye anaitazama. Naumwa mbele za watu, mwanangu, na sijawahi kupumzika hivi.

Baba yako